Keria ya juu kwa safari ya Dar es Salaam hadi Rombo: ya wazi au boksi?

Baba wa Watatu ameuliza:

Salaam kwenu, ndugu zangu. Mwaka huu, baada ya miaka minne ya kuahirisha, tumeamua kwenda kula Krismasi Rombo kwa wazazi wangu, na tutakwenda kwa gari letu badala ya basi. Gari ni Toyota Noah ya mwaka 2004, ya watu 8, na sisi tutakuwa 6: mimi, mke wangu, shangazi yao watoto, pamoja na watoto watatu, wa kwanza ana miaka 13 na wa mwisho ana minne.

Tatizo langu ni mizigo. Kila anayeijua Noah anajua kwamba viti vya mstari wa tatu vikishafunguliwa, nafasi inayobaki nyuma haitoshi hata begi moja kubwa kulala. Nimefikiria kuweka keria juu ya paa, lakini paa la gari langu ni tupu, halina reli hata moja. Nimepata mapendekezo matatu ambayo kila mmoja anayasifia la kwake. Muuza vipuri amenionyesha boksi la plastiki lililotumika, lenye kufuli, ambalo bei yake inakaribia mara tatu ya keria ya kawaida. Mwingine anauza keria ya wazi, ile ya mfano wa kikapu. Wa tatu ni fundi wa kuchomelea aliyeko jirani na kwangu, ambaye yuko tayari kunitengenezea keria ya mabomba ya chuma kwa siku moja na kuifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye paa, na anasema haitang'oka mpaka gari life.

Naomba ushauri wa waliokwisha kusafiri na familia wakiwa na mzigo juu. Lipi kati ya hayo matatu linafaa, na ni mambo gani niyaangalie kabla ya kulipa?

Mkaza Nati amejibu:

Ndugu Baba wa Watatu, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusu nianze na jambo ambalo halina mjadala: usikubali paa la gari lako litobolewe. Bati la paa ni jembamba, na tundu la skrubu, hata likizibwa kwa silikoni, baada ya miezi michache ya kutikisika huanza kuingiza maji. Maji hayo hayadondoki kichwani mwako upate kuyaona, bali hupita chini ya kitambaa cha dari, hufuata nyaya za taa na kutoa kutu kwa ndani. Gari nyingi nimezifungua dari kwa sababu ya harufu ya ukungu tu, na nilichokuta ni kutu iliyotandaa kuzunguka tundu ambalo mwenye gari alishalisahau.

Pili, keria ya mabomba ya chuma ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Niliwahi kuishusha moja kutoka kwenye gari dogo nikiwa na vijana wawili, tulipoiweka kwenye mizani ikasoma kilo 38. Uzito huo ulikuwa umekaa juu ya paa kabla hata begi la kwanza halijapandishwa.

Kwa paa tupu kama lako, kinachotakiwa ni vyuma viwili vya kukingama, yaani vinavyokatiza paa kutoka mlango hadi mlango, vyenye miguu ya kubana. Mguu wa namna hiyo hukaa kwenye ukingo wa paa juu ya pedi ya mpira, na ulimi wake wa chuma huingia ndani ya fremu ya mlango na kujishika hapo. Hakikisha miguu hiyo imetengenezwa kwa umbo la Noah ya aina yako, kwa sababu ulimi wa gari jingine unaweza kuonekana umeshika wakati umeshika nusu tu, na tena kumbuka kwamba milango ya nyuma ya Noah ni ya kuteleza, kwa hiyo mguu wa nyuma ni lazima ujaribiwe kwa kufungua na kufunga mlango mara kadhaa kabla hujaondoka dukani. Vyuma vya alumini ni vyepesi na vinatosha. Vikishafungwa, juu yake unaweza kuweka boksi au kikapu, upendavyo.

Siku ya kufunga, osha na kukausha mahali pedi zinapokaa. Mchanga ukibaki chini ya pedi utasaga rangi hadi bati. Kaza nati za kulia na kushoto kwa zamu, kidogo kidogo, usimalize upande mmoja kwanza. Kisha, siku ya safari, mkifika Mlandizi shukeni mkaze tena, maana mpira wa pedi hujilaza baada ya kilomita kama hamsini za kwanza na nati iliyokuwa imekaza hulegea.

Hesabu Kwanza amejibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila naona sote tunakimbilia swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza. Kabla ya kuchagua chombo cha kubebea, ni lazima ujue gari lako linaruhusiwa kubeba nini, juu ya paa na kwa jumla.

Kuhusu paa, kiwango kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Najua kitabu chako ni cha Kijapani, kama bado kipo, lakini simu ya siku hizi yenye kamera inatafsiri, na hata bila tafsiri utatafuta ukurasa wenye mchoro wa gari lenye mzigo juu na tarakimu zinazofuatiwa na kg. Kwa magari mengi ya familia kiwango hicho huwa kati ya kilo 50 na 100, nacho kinahesabu kila kitu kilichoko juu: vyuma vya kukingama, kikapu au boksi lenyewe, na mzigo uliomo. Usipokipata, jiwekee kilo 50 na usizizidishe. Wapo watakaokwambia kwamba wameona watu watatu wamesimama juu ya paa la gari na halikubonyea. Gari hilo lilikuwa limesimama. Gari linalokimbia, likipita juu ya tuta au likishika breki ghafla, paa hubeba mshindo ambao ni mkubwa kuliko uzito ule uliousoma kwenye mizani.

Sasa njoo kwenye uzito wa jumla, ambao watu wachache sana huuangalia. Hati ya kusafirishia gari iliyokuja nalo kutoka Japani inaonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa juu kabisa. Ukitoa mmoja kutoka kwa mwingine kwa gari la abiria utapata 55 mara idadi ya viti, kwa sababu Wajapani humhesabu kila abiria kuwa na kilo 55. Noah ya watu 8 inapata kilo 440, na hapo ndipo watu pamoja na mizigo yote wanatakiwa kukaa. Ni wangapi kati yetu tulioko hapa wenye kilo 55?

Ushauri wangu ni kwamba jioni moja uwapime watu wote wa nyumbani, bila kuona haya, kisha upime kila begi. Ukishapata jibu, huenda ukagundua kwamba tatizo lako si nafasi bali ni uzito, na tatizo la uzito haliondolewi na keria. Keria inaongeza mahali pa kuweka vitu, haiongezi nguvu ya springi, breki wala tairi.

Jambo jingine ni kwamba ninyi ni 6 na viti vya mstari wa tatu vya Noah hukunjwa kimoja kimoja na kufungwa pembeni. Mbele watu wawili, katikati watatu, nyuma mmoja. Kunja nusu ya kiti cha nyuma ambayo haina mtu, utapata mahali pa kusimamisha mabegi makubwa matatu hadi dari. Vitu vizito vilale sakafuni, karibu na mgongo wa kiti cha katikati, na ufunge kamba mbele ya mzigo ili breki ya ghafla isimletee begi mtoto aliyekaa pembeni yake.

Mama Mwenye Ratiba amejibu:

Sisi tumesafiri na boksi miaka mitatu mfululizo, Dar es Salaam hadi Arusha, kwa hiyo nitasema faida na kero zake kama zilivyo. Faida kubwa ni mvua. Desemba ni mwisho wa vuli, na kati ya Segera na Korogwe tumewahi kupigwa na mvua ambayo vifuta kioo havikuifua dafu, na tulipofika nguo zilikuwa kavu kabisa. Faida ya pili ni kufuli. Mnaposimama kula, hamna haja ya mtu mmoja kubaki akilinda mzigo huku chakula chake kikipoa.

Kero zake ni hizi. Boksi tupu lenyewe lina uzito, la kwetu ni kilo 19, na ukiongeza vyuma vyake, kwa hesabu ya ndugu Hesabu Kwanza, nusu ya ruhusa ya paa imekwisha kwa kubeba hewa. Nyumbani linahitaji mahali pa kukaa miezi kumi na moja, na ukiliacha juani plastiki inachakaa. Gari linakuwa refu kwenda juu: mume wangu alilisahau siku moja tulipokuwa tunaingia maegesho ya chini ya jengo la maduka, na mlio ule bado ninausikia. Tangu hapo kuna kikaratasi kwenye dashibodi kilichoandikwa kimo cha gari likiwa na boksi. Wewe mwenye Noah, ambayo tayari ni ndefu, kikaratasi hicho kiandike kabla hujatoka dukani.

Tena boksi lina umbo lake, na mzigo wetu wa Kichaga nao una umbo lake. Hapa nasema kama binti wa Machame: anayekwenda nyumbani Desemba anafikiria mzigo wa kwenda tu, ilhali mzigo wenye matatizo ni wa kurudi. Mama hawezi kukuacha uondoke bila mkungu wa ndizi, na mkungu mmoja ulioshiba unapita kilo 20, unavuja utomvu usiotoka kwenye kitu chochote, na haupindi. Mwaka wa kwanza tulijaribu kuulaza mkungu ndani ya boksi. Kifuniko kilikataa kufunga, na utomvu uliodondoka upo hadi leo. Kwa safari yako, kikapu cha wazi kinafaa zaidi kuliko boksi, alimradi ununue na turubai la maana.

Na kitu cha mwisho: vitu vya njiani visipande juu kabisa. Dawa, nguo moja moja ya kubadilisha ya kila mtoto, sweta, maji na chakula vikae ndani, kwenye begi moja ambalo mama analifikia akiwa amekaa. Kushusha turubai Mombo kwa ajili ya sweta ya mtoto wa miaka minne ni adhabu.

Njia ya Segera amejibu:

Kuhusu kufunga, niongeze machache kwa sababu yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga godoro na mabegi mawili kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya tairi, ile ambayo kila mwendesha bodaboda anayo. Hadi Mombo mambo yalikuwa shwari. Tulipoingia kwenye mbuga za kuelekea Same, upepo wa ubavuni ulianza kuingia chini ya godoro, ukalinyanyua, mpira ukavutika, ukalishusha, ukalinyanyua tena, na kila mara mpira ulirudi ukiwa umelegea zaidi kidogo. Mke wangu ndiye aliyeliona godoro kwenye kioo cha pembeni, likiwa limesimama wima kama ukuta nyuma yetu. Bahati ilikuwa kwamba hapakuwa na pikipiki nyuma.

Mpira unavutika, na kitu kinachovutika hakifungi mzigo wa juu ya gari. Nunua mikanda bapa ya kufungia mizigo yenye kikazio cha chuma, angalau minne: miwili ipite kukingama na miwili kutoka mbele hadi nyuma. Kila mkanda uupinde mara moja au mbili kabla ya kuukaza, kwa sababu mkanda ulionyooka hutetemeka kwenye upepo na kutoa mvumo ambao utawachosheni wote hadi Himo. Turubai lifungwe kama bahasha, ncha ya mbele ikiwa chini ya mzigo ili upepo usipate pa kuingilia, na juu yake uweke wavu.

Mwendo nao upunguzwe. Nguvu ya upepo inaongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, upepo unaosukuma mzigo wako unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na mafuta yanafuata. Mimi nikiwa na mzigo juu sipiti 80, na sifiki nimechelewa sana kama ninavyotishwa na watu. Halafu njia yako haiishii Himo. Kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni na kuendelea Rombo ni kupanda na kona, na gari lenye uzito juu linaegemea kwenye kona kuliko ulivyolizoea. Ingia kila kona ukiwa umeshapunguza, usipunguze ukiwa ndani yake.

Upepo wa tairi uangalie kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi tairi zikiwa baridi.

Baba wa Watatu amejibu:

Nawashukuru sana wote. Jana jioni tumefanya upimaji kwa mizani ya duka la mangi aliyeko mtaani kwetu, na umati ulijaa. Watu: mimi 84, mke wangu 71, dada yangu 68, watoto 47, 31 na 17. Jumla kilo 318, kwa hiyo tumebakiwa na 122. Mizigo tuliyokuwa tumepanga: mabegi manne kilo 61, blanketi na mashuka 14, mchele 25, sukari 10, mafuta ya kupikia 18. Jumla 128. Nikiongeza vyuma na kikapu, ambavyo muuzaji anasema ni kilo 20, tumefika 148, yaani tumezidi kwa kilo 26.

Boksi nimeliacha, na fundi wa kuchomelea nimemshukuru kwa heshima. Bado mke wangu anashikilia kwamba haiwezekani kufika kwa wakwe mikono mitupu.

Hesabu Kwanza amejibu:

Mikono haitakuwa mitupu. Mchele, sukari na mafuta ni kilo 53, na vyote vinauzwa Himo, kilomita chache kabla ya kupanda kwenu. Mchele wenyewe unalimwa hapo chini kwenye skimu ya Lower Moshi, hakuna sababu ya kuusafirisha kutoka Dar es Salaam. Mbebe fedha yake, mnunue mkiwa mmefika Himo, na kipande hicho kifupi cha mlima mkipande taratibu. Mkitoka Dar es Salaam mtakuwa na kilo 75 za mizigo na 20 za keria, chini ya kiwango kwa kilo 27. Mabegi matatu mazito yakae ndani kwenye nusu ya kiti iliyokunjwa, juu ziende blanketi na begi jepesi moja, ili paa lisipite kilo 50.

Mama Mwenye Ratiba amejibu:

Mwambie mwenzio kwamba mimi pia nilikuwa na wasiwasi huo huo. Mwaka wa pili nilinunua kila kitu Himo, na mama mkwe hakuuliza kimetoka wapi. Aliuliza kwa nini mtoto amekonda.

Baba wa Watatu amerudi na mrejesho:

Tumerudi salama tangu juzi, nami niliahidi moyoni kwamba nitaleta mrejesho.

Nilinunua vyuma vya alumini na kikapu. Mlandizi nilisimama kama nilivyoelekezwa, na miguu miwili ya upande wa kushoto ilikuwa imelegea. Wa mbele ulikubali karibu mzunguko mzima wa spana. Ya kulia ilikuwa imekaza. Nadhani nilipofunga nilimaliza upande mmoja kwanza, kosa lile lile nililokatazwa. Baada ya hapo nilikagua tena Segera na Same, na hapakuwa na kilichosogea. Mvua ilitukuta karibu na Korogwe kwa nusu saa, na blanketi moja ililowa pembeni, mahali turubai lilipokunjwa vibaya.

Mafuta ya gari yalitumika zaidi ya nilivyozoea, ingawa nilikuwa nakwenda taratibu. Wakati wa kwenda mlio wa upepo ulikuwapo, kwa sababu mkanda mmoja nilisahau kuupinda. Wakati wa kurudi niliupinda, na watoto wakalala.

Mikungu ilitolewa mitatu. Nilijaribu kueleza habari ya kilo mbele ya mama yangu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kijana aongeze na maparachichi. Kilichotuokoa ni kwamba dada amebaki Rombo hadi katikati ya Januari, na blanketi zimebaki kwa bibi yao. Mikungu miwili tuliitandikia turubai kuukuu sakafuni, ikasafiri mahali pa shangazi. Wa tatu ulikaa juu, umefungwa kwa mikanda miwili, na maparachichi yakawa miguuni mwa mtoto mkubwa, ambaye amelalamika kutoka Marangu hadi Chalinze.

Keria nimeishusha leo asubuhi. Pedi zimeacha alama nne za vumbi kwenye paa, zimetoka kwa maji na sabuni.